ANAYEBEBA PAMPU ASIACHWE NJE YA KUCHAGUA DAWA



Naomba nafasi katika gazeti letu niseme juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni dawa za kuua magugu katika viwanja vya nyasi. Najua mtu atauliza: mfanyakazi wa reli ana habari gani na nyasi za kiwanja? Jibu langu ni fupi. Kila stesheni ina nyasi, nyumba za wafanyakazi zina nyasi, na kiwanja cha mpira ambapo watoto wetu hucheza jioni ni nyasi tupu. Mtu fulani huzitunza nyasi hizo. Mtu huyo ni mwanachama wetu, au ni kibarua ambaye ingefaa awe mwanachama wetu. Pampu iko mgongoni mwake, lakini dawa iliyomo ndani ya pampu ilichaguliwa na mtu mwingine aliyeketi kwenye kiti, akiangalia bei tu. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Katika sehemu zetu hizi za Kakamega kipo kiwanja kimoja ambacho sitakitaja jina, wala mwenyewe sitamtaja. Mwaka 2023 kilijaa ndago na kishona nguo. Msimamizi akatoa dawa iliyobaki katika kazi ya kusafisha mitaro na kandokando ya ua, akawaambia vibarua wanne wainyunyize kiwanja kizima. Hawakupewa glavu wala viatu vya mpira, na karatasi ya maelezo haikusomwa. Baada ya wiki mbili kiwanja kilikuwa cha manjano kama shamba la mahindi yaliyokauka, na mvua ilipokuja ndago ndiyo iliyochipuka kwanza. Mwisho wa mwezi vibarua wale walikatwa pesa kwa kosa la “kuharibu kiwanja kwa kuchanganya vibaya.” Nilizungumza nao wawili. Hawakuchanganya vibaya. Waliambiwa kazi, wakaifanya kama walivyoambiwa.

Ndugu zangu, mambo kama haya yanatendeka kwa sababu ya maneno ambayo mabwana wakubwa huyasema na sisi huyakubali. Nataka kuyajibu moja moja.

Neno la kwanza: “Dawa ni dawa.”

Si kweli. Sisi tuliosoma shule za misheni tunaukumbuka ule mfano wa magugu katikati ya ngano, katika Mathayo sura ya 13. Watumishi walitaka kwenda kung'oa, bwana wao akawakataza, kwa kuogopa wasije wakang'oa na ngano pia. Mwenye shamba yule alielewa jambo ambalo wasimamizi wengi wa leo hawalielewi: kuua gugu ni kazi rahisi, na kazi ngumu ni kuliua huku ukiacha kile unachokitaka.

Sasa fikiri juu ya njia ya reli. Kwenye kokoto na mataruma hatutaki jani hata moja. Majani yakiota hapo maji hayatoki, kokoto huchafuka na udongo, mataruma huoza, na wakati wa kiangazi moto huweza kushika. Hapo mtu akichagua dawa inayoua kila kilicho kijani, kama ile iitwayo glaifoseti, hakukosea aina. Lakini ukiichukua dawa hiyo hiyo ukainyunyiza kiwanja kizima, itaua kiwanja kizima, kwa maana haijui tofauti ya ukoka na gugu. Hilo ndilo lililotokea katika kiwanja nilichokitaja, na hakuna hesabu yoyote ya kuchanganya ambayo ingeliokoa kiwanja kile.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani lazima tuulize maswali mawili. Nyasi tunazotaka kuziacha ni za namna gani: ukoka, nyasi za Kikuyu, au nyingine? Tena, gugu tunalotaka kuliua ni la jamii gani? Jamii za magugu ya kiwanjani ni tatu, na kila moja ina dawa yake.

Jamii ya kwanza ni magugu ya majani mapana, kama kishona nguo. Kwa haya iko dawa iitwayo 2,4-D, ambayo imeuzwa duniani tangu miaka ya 1940, pamoja na ndugu zake. Dawa hizi hulifanya gugu la jani pana likue ovyo mpaka linajipinda na kufa, lakini nyasi zilizokomaa huzistahimili. Nyasi changa zilizopandwa juzi zisiguswe. Tena upepo ukiichukua 2,4-D mpaka kwenye kunde, maharagwe au nyanya za jirani, hizo nazo zitajipinda na kufa, kwa kuwa nazo ni za majani mapana.

Jamii ya pili ni ndago. Macho ya haraka huiona kuwa ni nyasi, lakini si nyasi. Ishike shina ulizungushe vidoleni, utasikia pembe tatu. Chini ya udongo ina vinundu vilivyoungana kama shanga, na kila kinundu kinaweza kuchipua. Dawa inayochoma majani tu haiimalizi, na 2,4-D haiimalizi. Ziko dawa zilizotengenezwa kwa ajili yake, kama halosulfuroni, ambazo huziacha nyasi nyingi za viwanjani. Dawa hizo zina bei, na mkubwa anayetaka ndago iondoke lazima aijue bei hiyo kabla ya kumlaumu kibarua.

Jamii ya tatu ni nyasi zilizo gugu ndani ya nyasi nzuri, kama sangari. Hapa dawa ya kuchagua ni ngumu kupatikana, kwa sababu gugu na nyasi ni watu wa ukoo mmoja. Njia ya kuaminika ni kuichimba na mizizi yake yote, au kuua mahali palipoingiliwa tu, kipande kwa kipande, kisha kupanda upya. Hiyo ni kazi ya mikono na macho, nayo inahitaji watu.

Iko hatari nyingine katika sehemu zetu. Nchi ya Mumias na Butere ni nchi ya miwa, na dawa za mashamba ya miwa, kama dayuroni na atrazini, zimezoeleka. Mtu huona inaua magugu ya miwa akafikiri itafaa kiwanjani. Dawa hizi hukaa udongoni muda mrefu. Kakamega hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na maji yanayotoka kwenye viwanja vyetu huenda kwenye visima, kisha Isiukhu na Yala, mpaka Ziwa Victoria. Uingereza ilikataza mwaka 1993 atrazini isitumiwe tena mahali pasipo mashamba, kama barabarani na kwenye njia za reli, kwa kuwa ilikuwa ikionekana ndani ya maji.

Neno la pili: “Rangi yake ni ya kijani, haina madhara.”

Chupa za dawa huwa na mstari wa rangi. Nyekundu ni ya hatari kuliko zote, kisha manjano, kisha buluu, kisha kijani. Ni jambo jema, na kila mwanachama aijue. Lakini rangi ile husema juu ya sumu ya mara moja, yaani mtu akinywa au ikimmwagikia leo. Haisemi juu ya mtu anayeshika dawa ile wiki kwa wiki kwa miaka 15. Hata rangi ya manjano yaweza kukudanganya. Dawa ya parakwati ina manjano katika hesabu hiyo, lakini funda moja lake laweza kuua mtu, na mpaka leo haina dawa ya kuiponya. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliiondoa mwaka 2007. Ndiyo maana kutia dawa yoyote katika chupa ya soda ni kama kumtegea mtoto mtego.

Juu ya dawa za kijani, sikilizeni habari za wenzetu. Mwaka 1974 daktari wa Sweden aitwaye Olav Axelson, pamoja na mwenzake, alichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa reli wa nchi ile ambao kazi yao ilikuwa kunyunyiza dawa za magugu kando ya njia. Waliona kwamba saratani ilikuwa imezidi kati yao. Kundi lilikuwa dogo, na wataalamu waliendelea kubishana ni dawa ipi kati ya zile walizotumia iliyoleta madhara. Lakini angalieni: watu wale walikuwa watu wa reli kama sisi, na hatari ilijulikana baada ya miili yao kuhesabiwa.

Habari nyingine ni ya Marekani. Dewayne Johnson alikuwa mtunza viwanja vya shule huko Benicia, California, naye alinyunyiza dawa za glaifoseti, mara nyingine ikimlowanisha mwilini. Alipata saratani akashtaki kampuni ya Monsanto. Mwaka 2018 baraza la mahakama ya San Francisco lilimpa haki ya kulipwa dola milioni 289, na mwaka 2020 mahakama ya rufani ikazipunguza mpaka milioni 20 na nusu. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilisema mwaka 2015 kwamba huenda glaifoseti inaleta saratani kwa binadamu. Wakaguzi wa serikali ya Marekani walisema haielekei kuwa hivyo, na kampuni nayo inakana. Mimi si daktari, sitawaambia nani amesema kweli. Nasema hivi: ikiwa wenye elimu kubwa wanabishana, basi mwenye kubeba pampu ana haki ya kufunikwa mwili wake wakati wanapobishana.

Neno la tatu: “Mfanyakazi hana elimu ya dawa.”

Elimu ipi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtunza kiwanja ndiye anayejua ndago ilianzia kona ipi, maji yanasimama wapi, upepo wa saa nne unatoka upande gani, na kwamba huku kwetu mvua hupenda kushuka alasiri, kwa hiyo dawa ya mchana huoshwa kabla haijaingia katika jani. Kama elimu ni hesabu, basi tufanye hesabu hapa hapa.

Chukua pampu ya lita 20. Tia maji matupu. Pima kipande cha mita 100 za mraba, kinyunyize kwa mwendo wako wa kawaida, kisha tazama maji yaliyotumika. Tuseme ni lita 3. Kiwanja cha mpira chenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 ni mita 7,140 za mraba, basi kitataka lita 214, yaani pampu 11 hivi. Kama karatasi inasema lita moja ya dawa kwa eka, na eka ni mita 4,000 hivi za mraba, basi eka itataka lita 120 za maji, ambazo ni pampu 6, na kila pampu itiwe mililita 167 za dawa. Mtu wa darasa la saba anaweza kufanya hesabu hii. Msimamizi anayesema “ongeza kidogo zikufe upesi” hajaifanya. Dawa inayopaswa kushuka mpaka mizizini ikizidi huunguza majani kabla haijashuka, na hata 2,4-D ikizidi huweza kuumiza nyasi nzuri.

Hesabu hiyo inaonyesha na jambo lingine. Pampu 11 ni kilo zaidi ya 200 za maji zilizopita mgongoni mwa mtu, bila kuhesabu uzito wa pampu zenyewe. Kama pampu inavuja, zimepita juu ya ngozi yake.

Neno la nne linatoka kwetu wenyewe. Wako ndugu wanaosema dawa zote zitupwe, kwa kuwa zinawanyang'anya kazi watu wa jembe na panga. Hofu yao naielewa, lakini chama kikisema hivyo kitajibiwa kwamba kinapinga maendeleo, na mazungumzo yatakwisha hapo. Tuseme lililo kweli na lenye nguvu zaidi. Magugu mengi ya kiwanjani huingia kwa sababu nyasi ni dhaifu: zimekatwa fupi mno, hazina mbolea, udongo umekanyagwa mpaka umekuwa kama saruji, au maji hayana mahali pa kupita. Ukiua gugu ukaacha udongo vile vile, umelifungulia mlango gugu lingine. Nyasi zilizoshiba huziba nafasi zenyewe. Kwa hiyo watu wa jembe, wa mashine ya kukata na wa mfereji ndio kinga ya kwanza, na dawa ni msaada wao. Anayewafukuza watu ili anunue dawa atanunua dawa kila mwaka.

Sasa nije kwenye sheria, kwa maana wengi wetu hatuijui na wengine wanaojua hawatuambii. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika pale tu mfanyakazi alipofanya kosa kwa makusudi, na kwa kiasi cha haki. Vibarua wale wanne hawakuwa na makusudi yoyote ya kukausha nyasi, basi pesa zile walikatwa kinyume cha sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inasema mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama yenye wajumbe wa wafanyakazi. Kifungu chake cha 14 kinasema mfanyakazi akiona hatari kubwa akatoa habari kwa mkubwa wake, asirudishwe mahali pale mpaka hatari iondolewe. Tena iko bodi ya serikali inayoandikisha dawa hizi, PCPB, kwa sheria ya mwaka 1982. Dawa isiyoandikishwa haina ruhusa ya kuuzwa, na iliyoandikishwa ina karatasi inayosema imeruhusiwa kwa kazi gani. Mwaka 2025 Wizara ya Kilimo ilitangaza kuondoa sokoni dawa 50. Basi dawa iliyokaa stoo miaka mitatu yaweza kuwa ni moja ya hizo, na hakuna aliyekwenda kutazama.

Kwa hayo yote, naomba viongozi wa chama chetu wapeleke madai haya kwa kila mwajiri mwenye kiwanja, stesheni au bustani:

1. Dawa yoyote isinunuliwe kabla mtunza kiwanja na mjumbe wa wafanyakazi hawajaulizwa ni nyasi gani na ni gugu gani.

2. Karatasi ya dawa isomwe kwa sauti mbele ya wafanyakazi, kwa Kiswahili, kabla pampu haijajazwa.

3. Glavu, viatu vya mpira, nguo za kazi na kinga ya uso vitolewe na mwajiri bila malipo, pamoja na maji na sabuni pale pale. Nguo za kazi zifuliwe kazini, mfanyakazi asizipeleke nyumbani kwa mke na watoto.

4. Pampu inayovuja iondolewe siku ile ile.

5. Kiwanja kilichopigwa dawa kiwekewe alama, watoto, ng'ombe na akina mama wachumaji wa mboga wasiingie mpaka muda ulioandikwa upite.

6. Pawe na daftari: siku, dawa, kiasi, mahali, na jina la aliyetoa amri. Kiwanja kikifa, daftari litasema ni nani alichagua.

7. Vibarua walindwe sawasawa na wenye kazi ya kudumu, na wale waliokatwa pesa bila haki warudishiwe.

Najua dai la sita ndilo litakalochukiwa kuliko yote. Wakubwa wengi wako tayari kutoa glavu, lakini hawako tayari kuandika majina yao. Hata hivyo tusiliache. Anayetaka kuchagua peke yake na akubali kujibu peke yake. Na kama hataki kujibu peke yake, basi atuite mezani tuchague pamoja.

Wazee wetu wa reli na bandari waliogoma Mombasa mwezi wa Januari 1947 walidai mshahara, na walidai pia wahesabiwe kuwa watu. Dai letu la leo ni dogo kuliko lao, lakini ni la ukoo ule ule. Wasemao kwamba ni habari za nyasi tu, wakumbuke methali: wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Kwa muda mrefu sisi ndio tumekuwa nyasi hizo. Matawi ya Butere, Lugari na Kisumu yajadili jambo hili katika mkutano ujao, na kila mjumbe aje na jina la dawa iliyoko katika stoo ya kazini kwake. Tuanzie hapo.

Ni mimi mwenzenu katika chama,

Mfanyakazi wa Njia,
Kakamega.